Malalamiko: Sarafu Zimerudi, Sanduku, Cheti na Bahasha Havikurudi

Mkomani, Lamu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Bwana/Bibi Meneja,

KUH: KUTUPWA KWA VITU NILIVYOWAKABIDHI PAMOJA NA SARAFU ZANGU

Baada ya salamu, naandika kulalamikia namna ofisi yenu ilivyoushughulikia mzigo wangu wa sarafu, niliowatumia ili mzipeleke Marekani kupimwa daraja. Sarafu zote zimerudi salama, na juu ya madaraja zilizopewa sina neno. Havikurudi vitu vilivyokuja nazo: sanduku la seti ya Britannia (sarafu za Uingereza za madini ya fedha), cheti chake chenye nambari, na bahasha ya karatasi iliyokuwa na sarafu ya zamani ya Mombasa, ile iliyoitwa pesa. Nilipouliza, mhudumu wenu alinijibu kwa ujumbe kwamba vifungashio "huondolewa ofisini kupunguza uzito wa mzigo", na kwamba sarafu ikishaingia ndani ya slabu, yaani kasha gumu la plastiki linalofungwa na kampuni inayopima, "hivyo vingine havina kazi tena". Ujumbe huo ninao, na picha yake nimeiambatisha.

Havina kazi kwa nani? Mimi sikuulizwa.

Nianze na Britannia. Seti ile ni ya 1997, mwaka wa kwanza Royal Mint ya Uingereza kutoa Britannia za fedha, na mwaka huo zilitolewa kwa prufu tu, yaani zenye mng'ao wa kioo, si za kuuzwa kwa uzito wa madini yake. Ni sarafu nne: pauni mbili, pauni moja, peni hamsini na peni ishirini. Nilipozipata zilikuwa nne ndani ya sanduku moja, na cheti kimoja chenye nambari moja. Nyinyi mmenirudishia slabu nne, kila slabu na lebo yake, kila lebo na nambari yake. Lebo zinaeleza mengi: nchi, mwaka, thamani, na daraja katika kipimo kile cha 1 hadi 70. Haziwezi kueleza kwamba sarafu hizi nne zilitoka pamoja. Hilo lilisemwa na cheti. Leo mtu akinunua Britannia nne za 1997 kwa wauzaji wanne wasiojuana, akazipeleka kupimwa, atakuwa na kile kile nilicho nacho mimi. Kabla ya mzigo wangu kupanda basi pale Mokowe, nilikuwa na kitu ambacho mtu huyo hana.

Najua mtasema cheti ni karatasi tu, kinaweza kuchapishwa na mtu yeyote mwenye printa nzuri, na cheti halali kinaweza kuwekwa kando ya sarafu ya bandia. Ni kweli. Ndiyo maana nililipia kupimwa. Lebo ina nambari ninayoweza kuitafuta katika kumbukumbu za kampuni iliyopima, jambo ambalo cheti cha kiwandani hakinipi. Hata hivyo slabu nazo zinaigizwa, na mnunuzi makini hupenda kuona ushahidi zaidi ya mmoja. Anataka slabu, anataka cheti, anataka sanduku, na vyote viafikiane. Mnunuzi niliyekuwa nimekubaliana naye bei ni Mtaliano mkazi wa Malindi, na swali lake la kwanza lilikuwa sanduku na cheti viko wapi. Kwao Italia, mtaalamu wa sarafu huifunga sarafu mwenyewe na kuitolea hati yenye saini yake, basi karatasi kwa mtu huyo si pambo. Alipojua nina slabu peke yake alishusha bei, nikakataa kuuza.

Halafu kuna jambo la kushangaza. Nyinyi wenyewe mnauza seti za prufu, na kwenye tangazo lenu seti iliyo "kamili, na sanduku na cheti" ina bei ya juu kuliko isiyo navyo. Picha ya tangazo hilo pia nimeiambatisha. Vifungashio visivyo na kazi kwa mteja vinapata kazi vikiwa dukani kwenu?

Sanduku na cheti, tukitaka, tunaweza kuvitafuta. Kuna watu huviuza peke yake, ingawa cheti chenye nambari nyingine hakitakuwa cheti cha seti yangu. Bahasha haina pa kutafutwa.

Sarafu iliyokuwamo ni pesa ya shaba ya Mombasa ya 1888, ile ya kampuni ya Imperial British East Africa, yenye mizani na mwaka wa Hijria 1306. Haikutoka kiwandani na sanduku wala cheti. Ilipigwa iende sokoni kununua samaki. Bahasha ile aliiandika babu yangu kwa mkono wake, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: kwamba aliipokea Siyu, kisiwani Pate, kutoka kwa nani, na mwaka gani. Mlichonirudishia ni slabu iliyoandikwa MS 63 BN. Nashukuru kujua kwamba haina dalili ya kuchakaa kwa matumizi na kwamba rangi yake ni ya kahawia. Lakini pesa za 1888 zilipigwa nyingi, Birmingham na Calcutta, na zenye daraja kama hilo zipo nyingine. Iliyopokewa Siyu na babu yangu ilikuwa moja.

Huku kwetu hoja hii haihitaji maelezo marefu. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wamepata kisiwani Manda, ng'ambo tu ya mji wetu, sarafu ya Kichina ya Mfalme Yongle, aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424. Sarafu za Yongle ni nyingi duniani, na mtu anaweza kuagiza moja kwa bei ndogo. Ile ilifika kwenye magazeti ya dunia kwa sababu ilijulikana imetoka wapi. Ichukueni iwekeni ndani ya plastiki bila maelezo ya mahali ilipochimbuliwa, na kitakachobaki ni sarafu ya Kichina yenye tundu katikati. Mlichofanya kwa pesa yangu ni hicho. Ni sawa na fundi aliyepewa mlango wa Lamu autie mafuta, akaurudisha unang'aa, na kizingiti chenye maandishi amekichoma kuni.

Mhudumu wenu alisema pia, kwenye simu, kwamba karatasi ya zamani huiharibu sarafu. Hapo ana haki, na mimi silipingi. Karatasi za zamani huwa na salfa inayoitia shaba na fedha weusi. Vifuko laini vya plastiki ya PVC huacha utando wa kijani. Na hewa ya chumvi ya Lamu haisamehi kitu. Nilitaka slabu kwa sababu hizo hizo. Lakini kuitenga sarafu na karatasi si kuitupa karatasi. Vifungashio vyangu vingine nimeviweka ndani ya kopo la bati lenye pakiti za silika za kunyonya unyevu, kwenye kabati lililo mbali na sarafu, na kila kimoja kina kipande cha karatasi chenye nambari ya lebo ya sarafu yake. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu. Ingewatosha nyinyi kuvitia kwenye mfuko, kuandika jina langu, na kuviacha rafuni hadi sarafu zirudi. Kama gharama ya kuvirudisha ilikuwa tatizo, mngeniambia, ningelipa.

Fomu yenu ina nafasi ya kuandika sarafu, thamani yake na bima. Haina sehemu inayomwambia mteja kwamba vifungashio vitatupwa. Nami kwenye orodha niliyoiweka ndani ya mzigo niliandika wazi "sanduku 1, cheti 1, bahasha 1 yenye maandishi", na mhudumu wenu akaipiga muhuri wa kupokea. Nakala yenye muhuri huo iko kwangu. Mlipokea amana, na amana hairudishwi nusu.

Kwa hiyo naomba, kwanza kabisa, mtafute. Kama takataka za ofisi hukaa stoo kabla ya kuchukuliwa, au kama kuna mfanyakazi aliyeliona sanduku zuri akalihifadhi, aulizwe kwa upole. Mimi sitaki mtu afukuzwe kazi, nataka vitu vyangu. Bahasha itafutwe kabla ya vyote. Ikiwa vimepotea kabisa, naomba mnirudishie ada yote ya huduma yenu, na mnilipe tofauti ya bei kati ya seti yenye sanduku na cheti na seti isiyo navyo, kwa makadirio ya muuzaji wa sarafu tutakayemkubali pande zote mbili. Kwa bahasha sitataja bei. Nataka barua yenye saini ya meneja, inayokiri kwamba pesa hii iliwafikia ikiwa ndani ya bahasha yenye maandishi hayo, ambayo nitayanakili hapo kama ninavyoyakumbuka. Barua hiyo itakaa na slabu. Mwisho, ongezeni kwenye fomu sehemu ya vifungashio, mteja achague kurudishiwa au kutorudishiwa.

Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya kupewa maelezo anayohitaji kuhusu huduma, na haki ya kulipwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro ya huduma hiyo. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Madai yangu hayafikii shilingi milioni moja, kwa hiyo yanaingia katika uwezo wa Mahakama ya Madai Madogo, na huko sihitaji wakili. Ningependa tumalizane kwa barua.

Nangoja jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Slabu ya pesa ya Mombasa sitaiuza wala kuihamisha hadi hapo, ili ikiwa bahasha itapatikana virudiane.

Wenu,

Mteja wenu wa Lamu
(jina, nambari ya mzigo na simu viko kwenye fomu niliyoambatisha)