YAH: Fleksipleti isiyoingia, na nilivyodhalilishwa kauntani kwenu

Mteja wenu,
Makorora,
Tanga.

Meneja Mkuu,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Nakusalimu kwa heshima, na ningependa heshima hiyo idumu hadi mwisho wa barua hii, ingawa siahidi.

Oda yangu mnayo. Fomu nimeijaza kwa mkono wangu na nikapigia mstari: fleksipleti (lile bati la duara lenye meno linalounganisha krenki ya injini na giaboksi ya otomatiki) ya Chevrolet 350, meno 168, ya krenki yenye sili ya nyuma ya vipande viwili, bloku namba 3970010. Pesa mnazo, shilingi 680,000, zote zimetangulia kabla mzigo haujaagizwa, kama masharti yenu yasemavyo. Mlichonipa ni fleksipleti ya krenki yenye sili ya kipande kimoja. Naomba mnibadilishie. Hilo ndilo nililokuja kuliomba tawini kwenu hapa Tanga, na lau msimamizi wenu wa mauzo angenijibu kama mtu anayejibu mtu, yangeishia pale pale na wewe usingesumbuliwa.

Sasa najua faili litakalowekwa mezani kwako litasema "mteja hakuielewa bidhaa". Basi nivumilie.

Injini ya Chevrolet 350 ilianza kuuzwa ndani ya Camaro ya 1967, na sifa yake kubwa ni kwamba spea zake nyingi zinaingiliana miaka na miaka. Ndiyo maana mtu wa kipato changu anathubutu kuijenga kwa vitu vya kuokoteza. Lakini nyuma ya krenki pana mpaka. Hadi 1985 sili ya oili ya nyuma ilikuwa vipande viwili, na fleksipleti hufungwa kwa bolti sita zilizokaa kwenye duara la inchi 3.58. Kuanzia modeli za 1986 sili ikawa ringi moja, flanji ya krenki, yaani uso wake wa nyuma unaofungiwa fleksipleti, ikabadilishwa, na duara la bolti likawa inchi 3. Zaidi ya hapo, ile ya baadaye ina kizito kilichochomelewa ubavuni, kwa sababu krenki yake imepunguzwa uzito nyuma na fleksipleti ndiyo inayorudisha usawa. Krenki yangu imejisawazisha yenyewe. Kuifunga ile yenu, hata kama bolti zingekubali, ni kuitikisa injini mpaka beringi ziombe msamaha.

Si siri hii. Muuzaji wa spea za Chevrolet huiuliza kabla ya salamu. Na fomu yenu wenyewe ina kisanduku cha sili, vipande viwili au kimoja, nami nikatia tiki. Meno 168 mlipatia, nimeyahesabu, hapo nawapa haki yenu.

Nilipofika kauntani pana foleni: madereva wa Fuso, vijana wa bodaboda, mama mmoja anatafuta fanibelti. Nilikuwa na fleksipleti yenu ndani ya boksi lake, na mkononi nina kipande cha katoni. Katoni ile niliichapa kwenye flanji ya krenki: unapaka grisi, unaibandika, unagonga taratibu kwa nyundo ndogo, matundu yote sita yanajichora. Nikaiweka juu ya fleksipleti ili msimamizi wenu aone mwenyewe. Kipofu angelijua kwa kidole. Yeye hakutazama hata. Akasema, "Mzee, tundu si linatobolewa? Mwambie fundi wako atoboe." Nikamwambia fundi ni mimi. Akaichukua katoni, akaiinua juu, akawageukia watu: "Jamani, mzee katuletea boksi la sabuni anatufundisha Chevrolet." Watu wakacheka. Kisha akanionyesha kibao kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, akaongeza kuwa hata hivyo ninachojenga si gari, ni chuma chakavu cha kupimwa kilo.

Kibao hicho, ndugu Meneja, mnajua wenyewe kinahusu nini. Mtu akibadili mawazo asirudishe mali. Sikubadili mawazo. Nyinyi ndio mliobadili spea.

Tena huu haukuwa mwanzo wa adha. Mlisema wiki mbili. Nilipopiga simu mara ya kwanza nikaambiwa mzigo uko bandarini. Nikasubiri, nikapiga tena, nikaambiwa uko kwenye meli. Nikapiga tena, dada wa simu, ambaye sina ugomvi naye maana alikuwa mpole, akasema unapakiwa Marekani. Sijapata kuona mzigo unaosafiri kinyumenyume. Ramadhani ikaingia ikatoka, masika yakaanza, injini yangu inaning'inia kwenye mnyororo chini ya turubai, na wewe kama hujakaa Tanga hujui chumvi ya bahari hii inavyokula chuma kilichoachwa wazi. Kila jioni naipaka oili ile flanji kama mtoto mchanga. Na mzigo ulipofika Dar mkanidai nauli ya basi la kuuleta huku, ilhali fomu inasema gharama ni pamoja na kufikisha tawini. Nikalipa. Nilikuwa nimechoka.

Kuhusu chuma chakavu. Sina haja ya kujieleza kwa kijana wa kaunta, ila nitakueleza wewe. Bodi ni Chevrolet Nova ya 1971, usukani kushoto, niliitoa shamba moja la mkonge kule Muheza ambako ilikaa chini ya mwembe hadi sakafu ikaisha. Sakafu nimeichomelea upya kwa bati. Rejeta ni ya Canter, viti ni vya Mark II, propela shafti imekatwa na kubalansiwa hapa hapa mjini. Injini ilitoka kwenye boti. Nyingi za boti zile za MerCruiser ni 350 hii hii ya General Motors, ila boti haina fleksipleti, ina kapla, kiungo cha kuungia shafti, na mimi nataka kuifunga na giaboksi ya otomatiki ya Turbo 350. Ndiyo maana nikaja kwenu. Kitu kimoja tu katika gari zima nilichonunua kipya kwa bei ya kipya, nacho ndicho kilichokosewa.

Na akija kukuambia gari la kuunganisha-unganisha halina heshima, mwambie Wamarekani wenyewe ndivyo walivyoanza. Mwaka 1964 Pontiac walichukua Tempest, gari la kawaida la familia, wakalitia injini kubwa ya inchi za ujazo 389 iliyotengenezwa kwa magari makubwa, wakaiita GTO, na leo matajiri wanaigombea mnadani. Nova ilikuwa gari la bei ndogo kwa Chevrolet, na ile ya SS ya 1968 ilitoka kiwandani na 350 hii hii. Kutia injini kubwa kwenye bodi rahisi ndilo wazo lenyewe. Sisi wa Makorora tumeongeza rejeta ya Canter tu.

Lakini sikuandika kwa ajili ya Pontiac. Naomba nirudi kauntani, maana mara ya kwanza nimesimulia nikijizuia.

Sikuwa peke yangu siku ile. Nilikuwa na kijana wangu wa gereji, mwanafunzi wangu, ambaye nimemfundisha kwamba kitu kisipolingana hulazimishi, unapima. Yeye ndiye aliyeikata ile katoni kwa mkasi. Alikuwa amesimama nyuma yangu na boksi, anatabasamu, kwa sababu alijua tumekuja na ushahidi. Msimamizi wenu alipoinua katoni na kusema lile neno la boksi la sabuni, mimi nilimtazama mtoto, sikumtazama msimamizi. Tabasamu lilimtoka. Watu wanacheka, na yule mama wa fanibelti ndiye pekee aliyeinamisha uso. Nikasema kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa, "Kaka, pima tu, kalipa ya kupimia ninayo hapa, nakukopesha." Akaikunja ile katoni mara mbili, akaitupa kwenye ndoo ya taka chini ya kaunta. Mbele yangu. Kisha akamwita mlinzi: "Msaidie mzee atoke, anachelewesha wateja." Mlinzi akanishika mkono wa shati. Mlinzi yule namjua, baba yake nimemtengenezea pikipiki, na aliona haya, ila alinishika. Nikatolewa nje ya duka lililokula 680,000 zangu, na boksi likarushwa juu ya meza likasukumwa kwangu kama mfupa.

Atoboe, alisema. Atoboe matundu mengine kwenye bati la chuma linalozunguka maelfu ya mara kwa dakika nyuma ya injini, karibu na miguu ya dereva. Mtu anayeuza spea anamwambia mteja hivyo mbele ya watu, na kesho mmoja wa wale vijana wa bodaboda atakwenda kutoboa kitu chake kwa sababu kamsikia msimamizi wa kampuni kubwa. Hilo peke yake, ndugu Meneja, lingetosha kumwondoa kauntani.

Nilisema juu naomba mnibadilishie. Nilipokuwa naandika sentensi ile ndivyo nilivyotaka. Sasa nataka zaidi, na sioni haya.

Nataka 680,000 zangu, na nauli ya basi niliyolipishwa kinyume na fomu. Nataka pia fleksipleti iliyo sahihi, ya kabla ya 1986, isiyo na kizito, iletwe tawini kwa gharama yenu, nami nitailipa pale nitakapokuwa nimeipima mwenyewe kwa kalipa juu ya kaunta ile ile, wala si kabla. Mali yenu isiyoingia njooni mchukue gerejini, siibebi tena mgongoni. Na nataka msimamizi huyo aniombe radhi mimi na mwanafunzi wangu, pale pale, saa za foleni, kwa sauti ile ile aliyotumia kuchekesha watu. Simu ya pembeni ya kusema "tusameheane mzee" siipokei.

Mkikataa, nitaanzia Tume ya Ushindani, kwa Sheria ya Ushindani ya 2003, kuhusu kumpotosha mlaji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inasema kitu kilichouzwa kwa maelezo sharti kilingane na maelezo, na maelezo niliyaandika kwa kalamu nikayapigia mstari. Sidhani kibao chenu cha plastiki kimeipiku sheria ya nchi. Nakala ya fomu ninayo, tena nimeipiga picha kwa simu na kuituma kwa watu wawili ili isije ikapotea kama mzigo ulivyokuwa unapotea.

Kuna na jambo lingine ambalo nilikusudia kulinyamazia. Siku nilipolipa nilipewa karatasi ya kuandikwa kwa mkono, yenye muhuri wenu. Nilipoomba risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, nikaambiwa mashine ina hitilafu, nitapewa siku ya kuchukua mzigo. Siku ya kuchukua mzigo mashine bado ina hitilafu. Mbele yangu walikuwa watu wanne na hakuna hata mmoja aliyeondoka na risiti. Sitaki kujua mnavyoelewana na TRA, mamlaka ya mapato, lakini ofisi yao hapa Tanga haiko mbali na kwangu, na karatasi yenu ya mkono iko mfukoni mwa shati, lile lile lililoshikwa na mlinzi. Wewe ni mtu mzima, umenielewa.

Sisi watu wa Tanga tunasifika kwa upole, na wageni hutuzoea vibaya kwa sababu hiyo. Gereji za Ngamiani, Chumbageni hadi Pongwe tunajuana sote. Mafundi ndio wanaowaelekeza wenye magari waende duka gani, na hadi leo sijamwambia fundi hata mmoja jina la kampuni yenu. Nimejizuia ili nikupe nafasi wewe kwanza. Nafasi hiyo ni siku saba tangu barua hii ipokewe, na nitaipeleka kwa mkono tawini, nigongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Wakikataa kugonga muhuri nitaisoma kwa sauti pale kauntani, foleni ikiwepo.

Simu yangu iko kwenye fomu. Anayepiga asiwe yule msimamizi, na asiniambie "tunalishughulikia". Aniambie pesa zimetumwa saa ngapi.

Wako,

Mteja wa fleksipleti,
Makorora, Tanga.

Viambatanisho: nakala ya fomu ya oda, nakala ya karatasi ya malipo ya mkono, picha mbili za fleksipleti ikiwa imewekwa juu ya krenki.