Barua ya wazi kwa watafiti wa magari yanayojiendesha: jina la kitu lisitangulie breki

Wanangu watafiti,

Salamu kwenu mlio maabara, na kwenu mlio barabarani na gari la majaribio lenye kamera juu ya paa. Nawaandikia kwa jambo moja: msijenge gari ambalo ni lazima lijue jina la kitu ndipo likiepuke.

Ripoti ya ajali ya Tempe, Arizona, ya usiku wa 18 Machi 2018 isomeni yote, si muhtasari wake. Gari la majaribio la Uber, likienda kama kilomita 69 kwa saa, lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Vihisi vilimwona. NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali, ilikuta kwamba rada ilimnasa sekunde 5.6 kabla ya kugongwa, yaani akiwa mita 107 hivi mbele ya gari. Pigeni hesabu wenyewe. Gari linakula mita 19 kwa sekunde. Nusu sekunde ya kompyuta na breki kuitikia ni karibu mita 10. Breki kali, inayopunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde, hulisimamisha ndani ya mita 26 nyingine. Jumla ni mita 36. Nafasi ilikuwapo tele.

Sekunde zile ziliishia kwenye kubishania jina. Programu ilimwita gari, ikamwita kitu kingine, ikarudia gari, kisha baiskeli. Kila jina lilipobadilika, kumbukumbu ya alikotoka ilitupwa, hivyo kila mara akahesabiwa kama ndiyo kwanza ametokea. Na kwa kuwa hakuwa kwenye kivuko, programu haikuwa na hesabu ya mtembea kwa miguu anayekata barabara mahali pale. Hatari ilipokubalika zilibaki sekunde 1.2, na hapo mfumo ukangoja sekunde nzima kwa makusudi, kwa sababu wahandisi walitaka gari lisifunge breki ovyo kwa hatari za uongo. Breki ya dharura iliyotoka na gari kiwandani nayo ilikuwa imezimwa.

Basi fanyeni hivi. Rekodi ya kitu kinachofuatiliwa ibebe mahali kilipo, mwendo, ukubwa na njia kiliyopita. Jina liwe kama kibandiko tu juu yake. Kibandiko kikibadilika, rekodi isiguswe. Kisha jengeni mfumo wa pili, usiotegemea ule unaotafuta jina, ambao kazi yake ni swali moja: kuna kitu kigumu mbele, na tutakifikia baada ya sekunde ngapi? Kengele za uongo zisitibiwe kwa kungoja. Zitibiwe kwa kupunguza mwendo mapema na taratibu: kushuka kutoka kilomita 70 hadi 50 kwa saa hupunguza nishati ya mgongano kwa karibu nusu, na abiria hata kahawa yake haimwagiki.

Jina likikosewa, hata tendo la baadaye hukosewa. San Francisco, 2 Oktoba 2023, mwanamke aligongwa na gari lililoendeshwa na mtu, akarushwa mbele ya gari la Cruise lisilo na dereva. Gari hilo nalo lilimgonga, kisha likasimama. Lakini mfumo uliusoma mgongano ule kama wa ubavuni, ukaamua kujisogeza kando ya barabara, ukamburuta kama mita 6. Andikeni kanuni hii kwenye programu zenu: baada ya mguso wowote usioeleweka, gari likae lilipo.

Kuhusu data. KITTI, mkusanyo maarufu wa picha na vipimo vya barabarani wa kufunzia mifumo hii, uliotoka 2012, ilirekodiwa mchana ndani na kandokando ya mji wa Karlsruhe, Ujerumani. Ina lebo, yaani jina la aina ya kitu, ya tramu. Ya pikipiki haina. Ni kazi iliyosukuma elimu hii mbele na naiheshimu, ila mfumo uliofunzwa humo ukifika Kariakoo au Kongowea utakutana na bodaboda iliyobeba godoro, mkokoteni wa madumu ya maji, guta, punda. Msikimbilie kuongeza lebo mia, orodha hiyo haina mwisho. Ongezeni zile zinazosaidia kutabiri mwendo, maana bodaboda hupenya katikati na punda hajali honi, na vilivyobaki vyote viwe kitu kigumu njiani.

Tena, picha 10 za sekunde moja hufanana kama mapacha. Mkizichanganya na kuzigawa kwa bahati nasibu, nusu mafunzo nusu mtihani, mfumo umeonyeshwa majibu kabla ya kuingia chumbani. Gawanyeni kwa safari, na ikiwezekana kwa mtaa na kwa siku.

Matuta na barabara za vumbi hulegeza bolti za vihisi. Kamera ikipinda nusu digrii, kitu kilicho mita 50 mbele huhama kando kwa sentimita 44. Saa ya kamera na ya lida, kihisi kinachopima umbali kwa leza, zikipishana milisekunde 50, kwa kilomita 80 kwa saa gari limekwisha kusogea mita 1.1. Makosa haya mawili watu huyachanganya sana. La pembe huonekana hata gari likiwa limesimama. La saa hujitokeza likiwa mwendoni, hasa likikata kona.

Msitangaze usalama kwa kilomita chache. Mkienda kilomita 3,000 bila tukio, mnaloweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba tukio halizidi moja kwa kila kilomita 1,000. Hesabu ya 2016 ya RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, ilionyesha kwamba kuthibitisha kuwa gari haliui zaidi ya madereva wa Marekani kunahitaji kama kilomita milioni 440 bila kifo hata kimoja. Chuo hakiwezi, wala hakipaswi kujidai. Kinachoweza ni kuchapisha yaliyokosewa: kila kitu ambacho mfumo haukukiona, kilikuwa umbali gani, kwa mwanga gani, kwa mvua au vumbi gani. Jedwali hilo lina thamani kwangu kuliko asilimia 92 ya ubora wa wastani.

Dereva wa usalama, yaani anayekaa ndani tayari kushika usukani, asiwe yule anayerekebisha programu kwenye kompyuta ya mapajani. Wawe wawili, na wapokezane kila nusu saa, kwani jicho linalolinda mashine isiyokosea huchoka upesi. Kitufe chekundu kikate mamlaka ya kompyuta juu ya usukani na breki moja kwa moja, bila kupitia programu. Kijaribuni kila asubuhi kwa kilomita 20 kwa saa, uwanjani, kabla gari halijatoka getini.

Mzee wenu.