Kwa kaka yangu aliyeniachia sikio la kushoto

Shikamoo kaka,

Juzi kwenye simu ulinieleza habari za sikio lako la kulia kwa sentensi tatu tu, kisha ukahamia kwenye mambo mengine. Daktari amesema usikivu wa upande ule hautarudi. Kabla ya kukata simu ukaniambia nije nichukue santuri zako zote, maana muziki sasa unausikia nusu. Nilinyamaza. Tangu siku ile nimekuwa nikikujibu kichwani, njiani, kazini, hata usingizini, na jibu limekuwa refu mno kwa simu. Nashukuru umeniruhusu kuliandika mahali ambapo wengine nao wataliona.

Santuri sizichukui.

Unaikumbuka ile kanda? Rubber Soul ya The Beatles, maandishi yake yamefutika, nasi tukiisikiliza kwa hedifoni ndogo za kuchomeka masikioni kwa sababu usiku hatukuruhusiwa kuwasha spika. Wewe ndiye mkubwa, ukachukua ya kulia. Mimi nikapewa ya kushoto. Kwa zaidi ya mwaka mzima niliamini kwamba nyimbo nyingi za albamu ile hazina mwimbaji kabisa, na kwamba yale maneno uliyokuwa ukiyaimba kwa kunong'ona ulikuwa ukiyatunga wewe mwenyewe papo hapo. Nilikuona mtu wa ajabu. Nilichokisikia mimi kilikuwa drams, besi, magitaa, na kaka yangu akiimba juu yake.

Nilikuja kuelewa baada ya miaka mingi. Mwaka 1965 bendi ile ilikuwa ikirekodi kwa mashine ya njia nne, na toleo walilolihangaikia ni la mono, yaani sauti zote zimechanganywa kuwa moja, lile ambalo watu wengi wangelisikia. Kwenye toleo la stirio, linalogawa sauti kushoto na kulia, katika nyimbo nyingi sauti za waimbaji ziliwekwa upande wa kulia na ala zikabaki kushoto. Kwa hiyo wewe nami tuligawana bendi nzima kama watoto wanaogawana shuka. Wewe ukapata John na Paul wakiimba. Mimi nikapata drams za Ringo, na gitaa la besi la huyo huyo Paul.

Sikuwahi kuhisi nimepunjwa, kaka. Mapenzi yangu yote ya roki yalizaliwa ndani ya sikio moja. Nilijifunza kusikiliza kule chini ya wimbo, ambako besi inatembea na mguu wa mpiga drams unaifuata, na mpaka leo nikisikia wimbo mpya sikio langu linashuka huko kwanza kabla sijajua mwimbaji anasema nini. Wewe unajua maneno ya kila wimbo. Mimi najua jinsi wimbo unavyopumua.

Sasa chukua albamu ambayo tumeigombania maisha yetu yote, Pet Sounds ya The Beach Boys. Brian Wilson, aliyeitunga na kuiongoza studio, alikuwa karibu kiziwi wa sikio la kulia tangu utotoni. La kulia, kaka, kama lako. Mwishoni mwa 1964 aliacha kuzunguka na bendi kwenye maonyesho, akajifungia studio na wanamuziki bora wa Los Angeles, na Mei 1966 albamu ikatoka kwa mono. Mle ndani kuna honi ya baiskeli, kuna treni inayopita mwishoni huku mbwa wake wakibweka, kuna besi ya Carol Kaye inayoshika nota ambazo hukuzitarajia hata kidogo halafu unaona hapakuwa na nyingine iliyofaa. Vyote hivyo vilipimwa na mtu anayesikia kwa upande mmoja. Miaka ya 1990 kulitengenezwa toleo la stirio, nami nimelisikiliza kwa makini. Ni zuri, unaweza kunyoosha kidole ukasema filimbi ile pale, kinanda kile pale. Lakini narudi kwenye mono kila mara. Katika mono zile ala zimeyeyuka pamoja, hujui filimbi inaishia wapi na kinanda kinaanzia wapi, na nina hakika ndivyo alivyozisikia yeye kichwani. Albamu ile ilitengenezwa kwa sikio kama lako. Ukiniambia unaisikia nusu, nitakubishia mpaka asubuhi.

Kwa nyimbo nyingine za stirio, ingia kwenye mipangilio ya simu yako, sehemu ya ufikivu (Accessibility), uwashe sauti ya mono. Yote yaliyokuwa yakienda kulia yatakuja kushoto. Ni dakika moja tu. Anza na Marquee Moon ya bendi ya Television, ya 1977, ambamo magitaa mawili ya Tom Verlaine na Richard Lloyd yanajibizana, moja huku, moja kule. Bila mono utasikia mtu anayebishana na ukuta.

Najua utasema kwamba kusikia na kupiga ni mambo tofauti. Basi mkumbuke Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath. Alikuwa na miaka 17, anafanya kazi kiwandani Birmingham, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Na yeye anapiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole vile ndivyo vilivyokuwa vinabana nyuzi. Bosi wake wa kiwandani alimletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi ambaye mkono wake ulikuwa umeungua akabaki kupiga solo zake kwa vidole viwili. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Mlio mzito ule wa Black Sabbath, ambao wewe uliuita mlima unaotembea, una mizizi katika vidole vile viwili. Albamu yao ya kwanza, iliyotoka Februari 1970, waliirekodi kwa siku moja.

Lakini kinachonikosesha usingizi zaidi si santuri. Ni pale uliposema hutakwenda tena kwenye maonyesho.

Unakumbuka lile la watu 19? Nilihesabu, maana niliwaonea huruma wanamuziki wale watatu kabla hawajaanza. Chumba chenye dari ya chini, jukwaa la urefu wa goti, orodha ya nyimbo imebandikwa sakafuni kwa gundi ya karatasi, mpiga drams anafunga vyuma vyake mwenyewe huku jasho limeshaanza. Katikati ya wimbo wa tatu amplifaya ya gitaa ikazima. Kimya upande ule. Mpiga besi akamtazama mpiga drams, mpiga drams akatikisa kichwa, wakaendelea wawili. Mpiga gitaa amepiga magoti anahangaika na waya, na hawa wawili wakauzungusha wimbo ule ule kwa dakika kumi hivi, wanaushusha, wanaupandisha, wanauacha karibu ufe halafu wanauinua tena. Watu tuliokuwa tumeegemea ukuta tukajikuta tumesogea mbele. Ulinishika bega ukanipigia kelele sikioni kwamba huu sasa ndio wimbo. Gitaa liliporudi chumba kizima kilipiga yowe, watu 19, na sijawahi kusikia uwanja uliojaa ukitoa sauti kama ile. Wala sikumbuki bendi ile ilicheza nini baada ya hapo.

Nimesoma kidogo juu ya jambo hili tangu uliponipigia. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, unatetema mara 41 hivi kwa sekunde. Wimbi la sauti hiyo hewani lina urefu wa zaidi ya mita nane. Chumba kile nadhani hakikufika mita nane kwa upana. Sauti nzito namna hiyo, hata mwenye masikio mawili mazima hawezi kujua inatoka upande gani, inakuwa imejaa kila mahali, sakafuni, kifuani, kwenye meno. Sikio lililopotea linakunyima kujua sauti imetoka wapi, na linakufanya usimsikie vizuri mtu anayekuongelesha penye kelele. Hayo ni kweli na siyapuuzi. Ila besi haijakuacha.

Sharti langu ni moja: vizibo vya masikio, kila mara, tangu wimbo wa kwanza. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inasema sauti ya desibeli 85 mtu anaweza kuivumilia kwa muda wa saa nane kwa siku, na kila inapopanda desibeli tatu muda huo unapungua kwa nusu. Kwenye 100 zinabaki dakika 15. Onyesho la roki la ukumbi mdogo linafika hapo kwa urahisi. Umebakiwa na sikio moja na mimi nalihitaji karibu sawa na unavyolihitaji wewe.

Unajua kwa nini nashikilia kumbi ndogo? Tarehe 4 Juni 1976 bendi ya Sex Pistols ilicheza Manchester, kwenye ukumbi mdogo wa juu wa Free Trade Hall, mbele ya watu wapatao 40. Kati yao walikuwemo marafiki wawili, Peter Hook na Bernard Sumner. Kesho yake Hook akaenda kununua gitaa la besi. Hakuwa mpigaji. Bendi yao ndiyo iliyokuja kuwa Joy Division. Na kwa kuwa Sumner alikuwa akipiga gitaa kwa sauti kubwa mno, Hook hakuweza kujisikia akipiga nota za chini, basi akapanda juu kwenye nyuzi nyembamba ili angalau asikie anachofanya. Ndiyo maana katika Unknown Pleasures, ya 1979, besi ndiyo inayoimba wimbo na gitaa linabaki kukwaruza pembeni. Nilipoisikia mara ya kwanza nilijihisi nimerudi kwenye hedifoni ya kushoto. (Ile milima myeupe kwenye jalada lake, ambayo siku hizi watu huvaa kwenye fulana, ni michoro ya mapigo ya redio kutoka kwenye nyota iliyogunduliwa mwaka 1967 na Jocelyn Bell. Jalada la mbele halina jina la bendi wala la albamu.)

Akitokea mtu tena kutuuliza roki inatuhusu nini sisi Waafrika, sitaki hata kubishana naye. Nitamwekea bendi za WITCH na Amanaz za Zambia za miaka ya 1970, na gitaa lao linalounguruma kama nyuki ndani ya mtungi. Nitamwonyesha Sister Rosetta Tharpe, mama wa Kiafrika-Marekani aliyekuwa akilipigisha kelele gitaa la umeme katika nyimbo za kanisani kabla vijana wa roki hawajaanza.

Ila kwako nimebakiza ndugu watatu wa Detroit. David, Bobby na Dannis Hackney. Vijana weusi ambao mwaka 1975, wakati majirani walitaka muziki wa dansi, walikuwa wakipiga roki ya kasi na hasira ambayo jina lake la punk lilikuwa bado halijaenea. David, mkubwa wa bendi, aliiita Death. Baba yao alikuwa amefariki kwa ajali, naye alitaka kuligeuza neno lile liwe na upande mwingine. Kampuni ya rekodi ilipowataka wabadili jina, David alikataa, na mkataba ukaishia hapo. Mwaka 1976 wakatoa wenyewe santuri moja ndogo, nakala 500, basi. Wakatawanyika. David alifariki mwaka 2000. Kabla ya kufa alimkabidhi Bobby zile kanda za studio akamwambia azitunze, kwa sababu siku moja dunia itakuja kuzitafuta. Mwaka 2009 zikatoka zikiwa albamu, ...For the Whole World to See, na wana wa Bobby, ambao hawakuwahi kuambiwa kwamba baba yao alikuwa na bendi ya namna ile, walikuwa wameshaunda bendi yao ili wazipige nyimbo hizo jukwaani.

Nikiisikiliza albamu ile, ambayo haina hata dakika 30, simfikirii sana David na msimamo wake. Namfikiria Bobby, na zile kanda ndani ya nyumba yake miaka yote ile. Kuna ndugu alipewa kitu akaambiwa atunze, akatunza. Kwa hiyo ukinipa mimi santuri zako nitaelewa kwamba unanipa nizitunze kwa ajili yako, na nitazirudisha wiki ileile.

Mwezi ujao kuna bendi ya watu wanne kwenye ukumbi mdogo. Wanaimba nyimbo zao wenyewe, nimewasikia mara moja, na mpiga besi wao ni binti anayecheza amefumba macho. Nimeshanunua tiketi mbili na vizibo jozi mbili. Tutasimama pembeni kulia, pale jukwaa litakapokuwa kushoto kwako, karibu na spika ya besi lakini si mbele yake. Mimi nitakuwa upande wako wa kulia. Maneno ya mwimbaji yakikupotea, nitahamia kushoto nikuimbie.

Mdogo wako