Haraka ndiyo inayobandua stika za magari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba stika za gari lake la biashara zimebanduka kabla ya miezi mitatu, akamalizia kwamba mafundi stika wote ni matapeli na kinachobaki kinamalizwa na jua la Pwani. Mimi ni fundi stika hapa Ngamiani, Tanga. Nilianza na brashi na kopo la rangi, nikiandika majina ya maduka kwenye mbao, mpaka mashine za kukatia zilipotufikia. Matapeli wapo, simkatalii. Jua ndilo analolisingizia.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Jamaa mmoja aliniletea Coaster Alhamisi jioni, imetoka kupigwa rangi asubuhi yake. Jumamosi inabeba watu wa harusi kwenda Lushoto, na yeye anataka jina na michirizi ubavuni. Nikapitisha kiganja, rangi kavu kabisa. Nikasogeza pua, tina, ile ya kuzimulia rangi, bado inanuka. Moyo ukasema kataa, mfuko ukasema pokea. Nilibandika mpaka usiku wa manane. Jumatatu gari liliporudi, ubavu mzima ulikuwa na malengelenge kama mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Hela nilimrudishia, na kukwangua nikakwangua bure.

Rangi hukauka juu tu. Ndani yake mvuke wa tina unaendelea kutoka siku kadhaa, na ukiuzibia njia kwa stika, utainua stika. Sasa nasubiri wiki mbili, wakati wa masika hata tatu. Na bado, kabla ya kazi, nabandika kipande kidogo mahali pasipoonekana na kuliacha gari juani siku nzima. Kipande kikifura, gari linarudi nyumbani.

La pili ni usafi, na hapa wateja mnatuponza bila kujua. Mtu anatoka kuosha gari, linang'aa, anajiona amenirahisishia kazi. Kumbe kijana wa kuosha amemalizia na polishi, au kitambaa chenye dizeli. Gundi haishiki mafuta. Mimi humwagia maji kidogo kwenye bodi na kutazama: yakijikusanya matone matone kama kwenye jani la mgomba, mafuta yapo, yakitandaa, pako tayari. Baada ya sabuni napitisha spiriti, ile ile ya duka la dawa, kwa kitambaa kimoja, na kukausha kwa kingine kabla haijaruka yenyewe. Pembeni mwa milango na chini ya mipira ya vioo narudia mara mbili. Stika huanza kunyanyuka hapo, si katikati.

Halafu kuna suala la bei, ambalo limenigombanisha na watu wengi. Stika nzuri ya gari ina unene wa kama mikroni 50, yaani sehemu 50 za elfu za milimita. Ile ya bei nafuu ni nene zaidi, 80 hadi 100. Mteja akizishika zote mbili anachagua nene, na nikimwambia nyembamba ndiyo ghali, ananitazama kama mwizi. "Fundi, si stika tu hiyo?" Nene imetengenezwa kwa kukandamizwa na kuvutwa kwenye roli, kwa hiyo ikipata joto inataka kurudi ilikotoka: inanywea, na pembeni unaona mstari mweusi wa gundi uliokusanya vumbi. Nyembamba ilimiminwa ikiwa majimaji ikakauka ilivyo, haina deni la kulipa. Kwa ubao bapa wa duka au kioo, nene inatosha, usipoteze hela. Kwa bodi yenye mikunjo na ribiti, chukua nyembamba, na fundi aipashe kwa mashine ya hewa ya moto huku akiishindilia kwenye mikunjo.

Kioo ndicho kazi ninayoipenda. Matone machache ya sabuni ya vyombo kwenye chupa ya kupulizia yenye nusu lita ya maji, unalowesha kioo, unaweka herufi, na zinateleza mpaka zikae sawa na mstari wako. Kisha unasukuma maji nje kuanzia katikati. Usivute hapo hapo karatasi ya juu iliyobeba herufi. Kunywa chai kwanza. Pakibaki povu la hewa, toboa pembeni yake kwa sindano na ulisukume kwa kidole. Vijana wangu wanapenda kulichana kwa wembe, na ule mchano haufungi tena.

Na ukiunganisha vipande, fanya kama unaezeka makuti: anza chini, cha juu kilalie cha chini ili mvua ipite. Kwenye gari anza nyuma uje mbele, ili ukingo usielekee upepo. Pembe za ncha zizungushe kidogo, maana ncha ndiyo ukucha wa mtoto hufika kwanza.

Kwa hiyo msomaji mwenzangu, ukienda kwa fundi akakuuliza gari lilipigwa rangi lini, usimwone anatafuta sababu. Asiyeuliza ndiye wa kumkimbia.

Na yule bwana wa Coaster, kama unasoma hapa, kaka: rangi yako imeshakauka. Lilete asubuhi kabla bodi haijapata moto, na tafadhali usipitie kwa waosha magari.

Fundi stika,
Ngamiani, Tanga