Mbona waya mmeuruka?

Ndugu Mhariri, salaam. Nimesoma ukurasa wenu wa afya kuhusu ile mashine ya kushtua moyo inayopandikizwa kifuani, nzuri kwa kweli, ila juu mpaka chini ni betri, betri, betri. Jamani, na waya unaopeleka shoti moyoni je? Betri ikiisha wanachana hapo chini ya bega wanaweka mashine nyingine, lakini waya umepita kwenye mshipa mpaka ndani ya moyo, unabaki humohumo miaka nenda rudi, na moyo ukidunda nao unapinda, mara kama laki moja kwa siku.

Baba yangu mdogo aliwekewa Marekani alikokuwa anafanya kazi, akastaafu akarudi Tanga. Siku hiyo anaanika kanzu, kainua mkono wa kushoto tu, paa! Shoti. Mwenyewe anasema ni teke la punda. Ikaja ya pili, ya tatu, sisi tunajua moyo ndo unaondoka, shangazi kashaanza kulia. Kumbe moyo mzima! Waya ulikuwa umekatika kwa ndani, unatoa makelele ya umeme, mashine ikadhani moyo unatetemeka, ikawa inaushtua bure. Hospitali daktari akambandika sumaku juu ya mashine shoti zikakoma palepale, halafu akauliza, kadi aliyopewa alipowekewa, yenye jina la waya, iko wapi? Tukabaki tunatazamana. Ilikuja kupatikana siku mbili baadaye kwenye albamu ya harusi.

Na si mkosi wake peke yake. Oktoba 2007 kampuni ya Medtronic, watengenezaji wa mashine hizi, waliacha kuuza waya wao wa Sprint Fidelis, mwembamba, madaktari waliupenda maana unapita kirahisi, ila ulikuwa unakatika kuliko wa zamani, na watu kama 268,000 duniani washawekewa. Ikafuata Riata, waya wa kampuni nyingine, St. Jude, hiyo nyaya za ndani zilikuwa zinasugua mpira wa silikoni mpaka zinatokeza nje. Na kuung'oa si mchezo, unakuwa umegandana na mshipa, ukivuta vibaya unachana moyo wenyewe, ndo maana wengi waliachiwa tu wakawa wanapimwapimwa.

Sasa mkiandika tena, Mhariri, waambieni watu waulize jina la waya, sio la mashine tu, na kadi wakae nayo. Baba mdogo ya kwake kaitia nailoni, haitoki mfuko wa kanzu, na kuanika siku hizi anaanikiwa na wajukuu.

Msomaji wenu,
Tanga