Wazee wa kanisa wanataka niseme mageuko ni ya mtihani tu

Ndugu mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja mkoani Mwanza, na usharikani kwetu nafundisha vijana Biblia. Kazi hizi mbili hazikuwahi kugombana hadi mwaka huu, tulipofika mada ya mageuko ya viumbe kidato cha nne. Mwanafunzi mmoja, ambaye pia ni kijana wa usharika, aliniuliza mbele ya wenzake: "Mwalimu, sasa Adamu ni yupi hapo?" Habari zikawafikia wazazi, kisha wazee wa kanisa. Wanataka nisimame mbele ya vijana nitamke kwamba mageuko ni ya kujibia mtihani tu. Nikikataa, nitapumzishwa.

Siwezi kutamka hivyo, kwa kuwa naamini ni kweli. Fuvu aliloligundua Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi, na nyayo za Laetoli zilizolipita kwa umri, vimetoka katika ardhi yetu. Nimekulia kando ya Ziwa Victoria, lenye samaki aina ya furu wa spishi mamia. Na klorokwini tuliyonyweshwa utotoni? Vimelea vya malaria viliizoea hadi mwaka 2001 nchi ikabadili dawa. Hilo tumeliona wenyewe.

Siku sita za Mwanzo hazinisumbui. Agostino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, alikwisha kufundisha kwamba si siku za kawaida, zaidi ya miaka 1,400 kabla ya Darwin. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II naye alisema mageuko ni zaidi ya dhana tu. Nilipomtaja, mzee mmoja alijibu kwamba sisi si Wakatoliki, mazungumzo yakaishia hapo.

Kinachoninyima usingizi ni Warumi sura ya 5. Paulo anafundisha kwamba mauti iliingia kwa dhambi ya mtu mmoja. Lakini miamba inaonyesha viumbe waliougua, wakaliwa, wakafa mamilioni ya miaka kabla hajakuwapo mtu wa kutenda dhambi. Wapo wanaosema ni mauti ya kiroho, yaani kutengwa na Mungu. Hilo linanisaidia, ila si lote: katika 1 Wakorintho 15 Paulo anaweka mauti ya Adamu sambamba na ufufuo wa Kristo, na ufufuo huo mimi nauamini kuwa wa mwili kabisa. Nikimlegeza Adamu, je, namlegeza na Kristo?

Mume wangu ananiambia nitamke tu yaishe. Nawaogopea vijana. Watajifunza kutoka kwangu kwamba ukweli wa darasani una mlango wake na wa kanisani una wake, kisha siku moja watachagua mlango mmoja na kuufunga mwingine.

Naomba ushauri: nikae kimya kuhusu mageuko huko kanisani ili nibaki na vijana hawa, au nikatae na kuwaacha? Na kama yupo mchungaji au mwanatheolojia anayesoma hapa, wewe Warumi 5 unawafundishaje vijana wanaosoma baiolojia?

Mwalimu, Mwanza