Chanjo ya nimonia si ya watoto peke yao

Mhariri,

Nasoma gazeti lenu tangu nikifundisha darasa la nne, na sasa ni mwaka wa tano nimestaafu. Sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Habari yenu kuhusu nimonia na baridi ya Julai imenishinda kunyamazia. Mlisema watoto wapelekwe chanjo na wazee wavae masweta, na kwa wazee mkaishia hapo.

Baridi ya huku naijua, nimezaliwa Rungwe na nimezeekea Uyole. Mume wangu huvaa sweta mbili na koti tangu Mei. Juni mwaka jana alianza na mafua ya kawaida, siku ya nne akatetemeka mpaka kitanda kikalia, akashika ubavu wa kulia akisema anachomwa, na makohozi yakatoka rangi ya kutu. Ana miaka 67 na kisukari cha miaka 11. Tulilazwa siku tisa, sita kati ya hizo akiwa kwenye oksijeni. Nasema tulilazwa kwa sababu nami nililala chini ya kitanda chake. Daktari kijana aliyetuhudumia alinieleza kwa subira kwamba kwa mtu mzima mwenye nimonia, anayeshukiwa kwanza ni bakteria aitwaye numokokasi. Hukaa puani na kooni, hasa kwa watoto wadogo, bila kuwaumiza. Akimpata mtu aliyedhoofishwa na mafua, kisukari, sigara, VVU au umri, hushuka mapafuni, na akivuka kuingia kwenye damu au utando wa ubongo, saa ndizo zinahesabiwa, si siku. Kisha akasema ipo chanjo ya watu wazima dhidi ya bakteria huyu.

Nikaitafuta. Kituo cha kwanza muuguzi aliniambia, "Bibi, hiyo ni ya vichanga vya wiki sita." Cha pili walinielekeza dirisha la wazee, dirisha la wazee likanirudisha chumba cha chanjo, chumba cha chanjo wakaniuliza mtoto yuko wapi. Cha tatu mtu alisema labda Dar es Salaam, hakujua wapi wala bei gani. Nilikuwa nimesimama na kadi ya kisukari ya mume wangu mkononi, nyuma yangu akina mama wenye watoto mgongoni wananionea huruma kana kwamba nimepotea njia, na hakuna hata mmoja kati ya wahudumu wale aliyeandika jina langu ili anitafutie jibu. Wajukuu wetu wawili wamechanjwa pajani wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kama nchi yetu inavyofanya tangu 2013, na nashukuru sana, maana mtoto aliyechanjwa humpunguzia bibi yake hatari pia. Lakini babu anayewapakata ana mapafu yake mwenyewe.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Chanjo hii haikuanzia kwa watoto. Marehemu baba yangu alikwenda Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodi ya Afrika Kusini, mara mbili kabla ya Uhuru, kuchimba dhahabu Johannesburg kama wanaume wengi wa Rungwe, na alisimulia walivyoogopa kichomi kuliko mwamba. Nimesoma baadaye kwamba kwenye migodi hiyo hiyo, mwaka 1911, ndiko chanjo ya kwanza ilikojaribiwa, kwa sababu wachimbaji walikufa mno kwa nimonia; mwaka 1913 serikali ya huko ikazuia kwa muda kuajiri watu kutoka nchi za joto za kaskazini. Miaka ya 1970 wakajaribu tena, kwa wachimbaji tena, na mwaka 1977 chanjo ikaidhinishwa Marekani. Ile ya vichanga ilikuja mwaka 2000. Oktoba 2024 Marekani wameshusha umri wa kuipata kutoka miaka 65 hadi 50. Vifua vya wanaume weusi wa migodini ndivyo vilivyopimiwa dawa hii, leo mwana wa mchimbaji anaulizwa mtoto yuko wapi!

Sisemi inazuia kila nimonia. Aina za bakteria huyu zinapita 90, na chanjo hulenga zile zinazoleta ugonjwa mkali mara nyingi zaidi.

Halafu kuna maduka ya dawa. Kabla ya kulazwa, mume wangu aliuziwa vidonge sita vya kuua bakteria bila cheti, kwenye kijikaratasi, akaambiwa akipata nafuu aache. Alipata nafuu siku moja na nusu. Hivyo ndivyo tunavyowafundisha bakteria kuzizoea dawa, na mtaani kwetu sijamwona mkaguzi tangu duka lile lifunguliwe.

Ninachotaka hakihitaji jengo. Kila kliniki ya kisukari, na kila CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, kuanzia Njombe na Iringa hadi Mbeya, mikoa ambayo VVU vimetuelemea kuliko kwingine nchini, iweke kiti kimoja chenye maandishi CHANJO YA WATU WAZIMA. Ukutani pabandikwe karatasi, kwa wino mweusi: nani anastahili, inapatikana wapi, shilingi ngapi. Kama haipo, waandike haipo na itafika lini, na muuguzi awe na daftari la majina. Nanyi gazetini muichapishe karatasi hiyo kabla ya Mei, si Julai watu wakiwa wameshalazwa.

Kliniki ya mume wangu ni kila Jumanne ya pili ya mwezi. Jina lake liandikwe la kwanza.

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya